Viboko, Migebuka na Jeti ya Tajiri

Kila ndoa ina ile mada ambayo ikitajwa mezani chai inapoa. Kwa jirani zangu ni mama mkwe. Kwa wengine ni simu inayolia saa tano usiku. Kwangu mimi na mume wangu, kwa miezi miwili mfululizo, ilikuwa ni ndege. Tena si ndege ya abiria kama unavyofikiria. Ni jeti ndogo ya viti vinane, iliyotengenezwa mwaka 1981, wakati mume wangu mwenyewe hajazaliwa.

Ngoja nikueleze. Mume wangu ni rubani. Anaendesha Cessna Caravan, ile ndege ya pangaboi moja puani inayopeleka watalii mbugani. Basi bwana, mwaka huu tajiri mmoja (jina nalihifadhi, na nchi yake pia) akampigia simu. Amenunua jeti, anataka rubani wake mwenyewe, mafunzo ya ndege hiyo atayalipia yeye, na mshahara ni mara tatu ya huu wa sasa. Mara tatu, jamani! Nyumba yetu ya Bunju ina mwaka wa pili imesimama kwenye lenta. Mshahara wa mhariri mnaujua wenyewe.

Yeye ameota jeti tangu akiwa kijana. Mimi katika habari yote ile nilisikia kitu kimoja tu: 1981. Nikanuna. Akanuna. Tukawa tunaongea kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula kipo mezani." Mpaka usiku mmoja akasema, "Mama, twende Sitalike tukamuulize Mzee."

Mzee ni kapteni mstaafu aliyemfundisha kazi. Miaka mingi alirusha jeti za vigogo, na nyingi zilikuwa kuukuu. Sasa anafuga nyuki na kulima mahindi Sitalike, na akiambiwa arudi Dar anacheka.

KWA BASI, SI KWA NDEGE

Utashangaa, lakini rubani akiwa likizo hataki hata kuona ndege. Tuliwaacha watoto kwa bibi yao Mbeya, tukapanda basi la Sumbawanga, tukalala hapo, asubuhi tukaendelea kuelekea Mpanda. Raha ya njia hii ni kwamba barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Yaani umekaa kwenye kiti cha basi, miguuni una kuku wa jirani, dirishani unaona twiga. Bure kabisa! Shida ni mbung'o. Kondakta akapiga kelele, "Fungeni madirisha!" Kijana mmoja akajifanya mjuaji, akaacha upenyo kidogo. Mbung'o watano waliingia, na wote wakanichagua mimi. Ushauri wangu: usivae nguo ya bluu au nyeusi, hizo rangi ndizo wanazozipenda.

Njiani nilimchokoza mume wangu. Nikamwuliza kama anaikumbuka ile ndege ya Rais, Gulfstream G550 iliyonunuliwa enzi za Mkapa, na kauli ya aliyekuwa Waziri wa Fedha, Basil Mramba, kwamba ndege itanunuliwa hata kama wananchi itabidi wale nyasi. Kelele zile zote zilikuwa za ndege mpya, na leo umri wake umevuka miaka 20. "Umeona?" akanijibu. "Na kabla yake kulikuwa na Fokker 28, ile yenye namba 5H-CCM, iliyobeba viongozi wetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbona hukumwonea huruma mke wa rubani wake?" Nikanyamaza. Nikaangalia twiga.

Sitalike yenyewe ni kijiji kilichokaa mlangoni mwa hifadhi, kilometa kama 35 kusini ya Mpanda mjini. Makao makuu ya hifadhi yapo hapo hapo. Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa ina kilometa za mraba 4,471. Zamani eneo hili lilikuwa Rukwa, mkoa wa Katavi ukazaliwa mwaka 2012. Watalii wengi wa nchi yetu huishia Serengeti na Ngorongoro, huku hawafiki. Ndiyo maana ukifika unajisikia kama umealikwa peke yako.

Halafu kuna viboko. Mpenzi msomaji, mto Katuma unapita kando ya kijiji, na wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yakipungua viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Hakuna nafasi, lakini bado mmoja anaingia. Wanakoroma, wanagombana, wananuka! Ukikaa darajani unawaona bila hata kulipa kiingilio. Usiku wanatoka kula majani, kwa hiyo ukilala nyumba ya wageni ya karibu na mto usitoke nje ovyo. Mhudumu alituambia hivyo huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

MAHARI NA NDOA

Mzee alitukuta darajani. Nikapiga goti, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Naambiwa mmekuja kwa ugomvi." Akatupeleka kwake. Mama alikuwa ameshapika ugali na migebuka ya kukausha ya Ziwa Tanganyika, iliyoungwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Baada ya chakula Mzee akamwambia mume wangu, "Haya, nitajie hiyo ndege." Aliposikia ni Cessna Citation akatabasamu kama mtu aliyetajiwa mchumba wa zamani.

Akatueleza kwamba Citation ya kwanza iliruka mwaka 1969, na wateja wakaanza kuipata mwaka 1972. Wenzao wenye Learjet waliicheka kwa mwendo wake wa pole, wakasema hii ndege wa porini wataigonga kwa nyuma! Lakini Mzee aliipenda. Bawa lake limenyooka, inatua taratibu, haimshtukizi rubani. "Learjet za zamani ni farasi," alisema. "Ukisinzia anakutupa. Citation ni punda wa Lamu. Hana sifa, lakini atakufikisha."

Akasimulia raha yake: jinsi unavyosukuma mikono ya injini mbele na mgongo unabonyea kwenye kiti, Dar inakuwa ndogo, na mawingu ambayo ndege za pangaboi zinahangaika nayo unayaacha chini. Mume wangu alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Nikaona hapa nimeletwa kushindwa.

Lakini Mzee hakuwa amemaliza. Kwenye jeti zile ndogo, alisema, hakuna mtambo wa kuleta ubaridi injini zikiwa zimezimwa. Umeegesha juani, kigogo amesema atakuwa tayari saa tano, anakuja saa kumi. Ndani ni tanuri. Shati jeupe alilopiga pasi mke wako asubuhi linageuka tambara la deki. "Rubani wa kigogo halipwi kwa kuruka," alisema. "Analipwa kwa kusubiri." Alisubiri harusi, akasubiri misiba, akasubiri mikutano, na mara nyingine akasubiri mambo ambayo hakutakiwa kuyaona. Begi la dola lilikuwa halimtoki, kwa sababu viwanja vingi mwenye mafuta alitaka fedha taslimu mkononi.

Na saa za mishale! Mbele ya rubani hakuna skrini kama za siku hizi, ni saa za duara tu zimejaa, kila moja na mshale wake. Zinahitaji jicho linalozunguka muda wote. Mzee anasema alizipenda kwa sababu zikianza kuugua zinaonyesha dalili, mshale unatetemeka kabla ya kufa. Skrini inazimika tu.

Kisha akafika kwenye tarehe ambayo anaikumbuka kama ya kifo cha mtu: 25 Septemba 2008. Siku hiyo anga ya Afrika ilibadilishiwa sheria. Zamani ndege zilizoruka juu ya futi 29,000 zilipishana kwa futi 2,000. Kuanzia siku hiyo, kati ya futi 29,000 na 41,000, zikaanza kupishana kwa futi 1,000, ili anga ibebe ndege nyingi zaidi. Jambo jema. Lakini ili uruhusiwe huko juu, vipimo vyako vya kimo lazima viwe sahihi sana na vithibitishwe. Kwa jeti kuukuu, kufunga vipimo hivyo kulikuwa ghali mno. Bosi wake wa wakati ule akakataa kulipa.

"Basi tukabaki chini," Mzee akasema. "Jeti imetengenezwa kwa ajili ya juu, huko hewa ni nyepesi na injini hazili sana. Chini ya futi 29,000 inakunywa mafuta kama ng'ombe wa Mpimbwe wakati wa kiangazi. Safari tuliyokuwa tunaimaliza kwa mruko mmoja ikawa miruko miwili. Na yale mawingu ya radi ya Tabora niliyokuwa nikiyapita juu, sasa nayazunguka."

Nikauliza kwa nini basi watu wananunua. Akanijibu, na hili nimeliandika kwenye daftari langu: "Mwanangu, bei ya kununua jeti kuukuu ni mahari tu. Ndoa inaanza siku ya matunzo."

Hapa nikuibie siri ya biashara hii. Huko Marekani, kuanzia mwisho wa mwaka 2015 jeti ndogo za kelele nyingi zilipigwa marufuku, na zile Learjet za miaka ya 1970 ambazo hazikufungiwa vifaa vya kupunguza kelele zikapoteza soko. Citation zina kelele kidogo, hazikuguswa na sheria hiyo, lakini umri nao unashusha bei. Leo jeti ya miaka 40 unaweza kuikuta kwa bei ya nyumba nzuri ya Mbezi Beach. Ila injini za zile Citation za mwanzo zinatakiwa kufunguliwa zote na kutengenezwa upya kila baada ya saa 3,500 za kuruka, na zipo mbili. Gharama ya kuzitengeneza inaweza kuizidi bei ya ndege yenyewe! Kwa hiyo mwenye ndege anafikia mahali anaanza kuhesabu saa kwa jicho moja.

"Ndiyo maana nakuuliza," Mzee akamgeukia mume wangu. "Umeviona vitabu?"

Vitabu, mpenzi msomaji, ni madaftari ya ndege. Kila injini ina lake, na kila kilichofunguliwa, kubadilishwa au kukaguliwa kinaandikwa humo tangu siku ya kwanza. Ndege ya mwaka 1981 yenye vitabu kamili ni mzee mwenye cheti cha hospitali. Isiyo na vitabu, hata ikipakwa rangi mpya na viti vya ngozi, hujui unaoa nini.

Mume wangu hakuwa ameviona. Alikuwa ameona picha za viti.

SIKU YA MWANZA

Jioni tukarudi darajani, viboko wakianza kujinyoosha kutoka majini. Hapo ndipo Mzee alipotoa hadithi ambayo nadhani ndiyo tuliyoifuata, ingawa hatukujua.

Mwaka 1996 alikuwa akimrusha bosi mmoja kwa Citation. Siku hiyo bosi alikuwa na mgeni wa kike ("si mama mwenye nyumba," Mzee akasema huku akimtazama mkewe pembeni) na akataka kumwonyesha viboko vya Katavi. Akaamuru watue Ikuu, kiwanja cha udongo kilichomo ndani ya hifadhi. Mzee akazunguka juu mara mbili. Chini aliona pundamilia, na aliona mashimo. Gurudumu la mbele la jeti likikimbia kwenye udongo linarusha mawe kuelekea nyuma, na nyuma ndiko ziliko injini. Akamwambia bosi, "Hapa hatutui."

Bosi akasogea mbele, akamshika bega. Akamkumbusha nani anamlipa. Mzee akageuza pua ya ndege, akaenda kutua Mwanza kwenye lami. Wakiwa bado hawajafungua mlango, akafukuzwa kazi. Alirudi Dar kwa mabasi, siku mbili njiani, kofia ya ukapteni ndani ya mfuko wa plastiki.

"Miezi minne baadaye akanitafuta," Mzee akasema. "Alikuwa amepata rubani ambaye hakatai, na akaanza kuogopa kupanda."

Tulicheka. Mzee hakucheka. Akauliza kama tunakumbuka ajali ya Bukavu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko. Mume wangu aliikumbuka. Tarehe 12 Februari 2012, Gulfstream IV ilitua uwanja wa Kavumu, ikagusa lami mbali mno, ikapitiliza mwisho wa njia na kuvunjika. Marubani wote wawili walikufa, pamoja na Augustin Katumba Mwanke, mtu wa karibu kabisa wa Rais Joseph Kabila. Waziri wa Fedha, Matata Ponyo, alikuwemo. Aliumia, akapona, na miezi miwili baadaye akawa Waziri Mkuu.

"Lakini Mzee, ile haikuwa ndege mbovu," mume wangu akasema. "Gulfstream IV ni ndege ya maana."

"Sijasema ni mbovu. Mkeo ndiye anayeogopa mwaka 1981. Mimi siogopi mwaka. Nakupa kazi moja: huyo tajiri wako muulize siku utakayomwambia leo haturuki, itakuwaje."

Nikasikia kitu kinahama ndani yangu. Miezi miwili nimegombana na umri wa chuma, wakati chuma kina vitabu vyake. Aliyekuwa hana vitabu ni mwenye chuma.

Usiku ule mimi na Mama tulikuwa tunaosha vyombo. Nikamwuliza aliwezaje miaka yote ile. "Ndege sikuiogopa," akaniambia. "Niliogopa simu. Ikilia saa isiyo yake, nilikuwa nasimama kwanza, navaa kanga ya pili, ndipo napokea. Nikasema kama ni habari mbaya, inikute nimevaa." Akafuta sufuria. "Ile simu ya Mwanza ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Amefukuzwa kazi! Nikapiga vigelegele, majirani wakadhani tumepata mjukuu."

IKUU

Kesho yake tulilipia kiingilio, tukakodi gari na kuingia hifadhini. Tulipita mbuga za Katavi, nyati wametapakaa mpaka macho yanachoka. Dereva akatuonyesha ulipo mkwaju ambao Wabende wanaamini ni makao ya roho ya Katabi, yule mwindaji wa zamani aliyeipa hifadhi jina. Watu bado wanaacha sadaka chini yake wanapotaka baraka. Nikamwambia mume wangu tuache kitu. Akaniuliza nataka kuombea nini, lenta au jeti. Nikaacha shilingi elfu moja bila kumjibu.

Ikuu tulifika wakati Caravan inakuja. Kwanza ilipita chini chini juu ya kiwanja, makusudi, ili kufukuza wanyama. Pundamilia wakatawanyika. Ikazunguka, ikarudi, ikagusa udongo, vumbi likapanda kama moshi wa tanuri la mkaa. Rubani aliyeshuka ni kijana anayemfahamu mume wangu, wakapigana mabega. Nikamwona mume wangu anagusa ubavu wa ile ndege bila kujijua, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake mnadani.

Alimpigia tajiri tuliporudi Sitalike. Alisogea chini ya mwembe, mimi nikabaki kwenye benchi najifanya nasoma. Nilisikia neno "vitabu." Nilisikia "rubani wa pili," maana Mzee alikuwa ameonya kuhusu matajiri wanaotaka kubana matumizi kwa kumrusha rubani mmoja peke yake. Halafu kimya kirefu. Aliporudi alikaa, akachukua chupa yangu ya maji, akanywa yote.

"Vitabu atatuma. Rubani wa pili amekubali, kwa shingo upande."

"Na lile swali la tatu?"

"Alicheka."

"Alichekaje?"

Akafikiri sana. Kiboko mmoja akakoroma huko mtoni. "Sijui, mama. Ndiyo maana nimechelewa kurudi, nilikuwa nakifikiria kile kicheko."

Basi la kurudi lilitukuta barabarani saa mbili asubuhi, na safari hii tulikaa kiti kimoja tunaongea wenyewe, bila mkalimani. Mama alitupa lita tatu za asali. Madirisha tuliyafunga.

Mpaka naandika haya, vitabu vya injini ya kushoto vimefika. Vya injini ya kulia bado.